Cheche ya Plagi na Bushi Iliyolika

Katika gereji nyingi za mitaani, gari la zamani linapoanza kumisi, yaani injini inapokosa mlipuko katika baadhi ya silinda zake, matengenezo hufuata utaratibu ambao kila dereva anaujua. Kwanza hubadilishwa plagi. Tatizo likiendelea hubadilishwa platini, kisha kondensa, kisha koili, na mwisho waya zote za plagi. Kila kifaa kipya hununuliwa kwa fedha za mwenye gari, na kila kinapofungwa injini huwashwa na kusikilizwa. Ikitokea kwa bahati kwamba tatizo limekwisha, hakuna ajuaye kwa hakika ni kifaa kipi kilichokuwa kibovu. Lisipokwisha, gari huhamishiwa kwa fundi mwingine, naye huanza upya na plagi. Utaratibu huu huitwa uzoefu, na kwa sehemu ni uzoefu kweli; lakini ni uzoefu unaogharimu sana, na haumfundishi mtu kitu ambacho hakukijua asubuhi ile.

Hatua chache kutoka gereji hiyo huenda ipo shule ya sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne katika shule hiyo amefundishwa kwamba mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kuwa uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya. Anaweza kuchora transfoma, kuandika uwiano wa mizunguko ya waya na volti, na kujipatia alama zote za swali hilo. Lakini afunguliwe boneti la gari lenye platini na aulizwe transfoma iko wapi, atanyamaza. Hajapata kuambiwa kwamba ile kopo nyeusi iliyofungwa pembeni mwa injini ndiyo transfoma aliyoichora, na kwamba bila ya kanuni ya Faraday gari lile lisingetoka pale lilipoegeshwa.

Mara nyingi umaskini wa vifaa ndio unaotupiwa lawama kwa hali hii. Lawama hiyo haitoshi. Vifaa vipo, vimelala katika marundo ya vyuma chakavu nyuma ya gereji. Kinachokosekana pande zote mbili ni tabia ya kupima. Fundi anacho kifaa mkononi lakini hakipimi. Mwanafunzi anayo kanuni ya kipimo lakini hana cha kupima. Mfumo wa zamani wa kuwasha injini, wenye koili, platini na distribyuta, ni mojawapo ya vifaa rahisi na bora kuliko vyote vya kuwakutanisha wawili hawa, na maabara ya fizikia isiyokuwa nao inajinyima somo ambalo halina gharama.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yake. Ndani ya koili mna waya wa aina mbili uliozungushwa juu ya kiini cha chuma: waya mnene wa mizunguko mia chache, na waya mwembamba sana wa mizunguko maelfu mengi, yaani mara mia hivi ya ule wa kwanza. Platini zinapogusana, mkondo kutoka betri ya volti 12 hupita katika waya mnene na kujenga uga wa sumaku. Wanafunzi wengi hudhani kwamba cheche hutokea wakati huo. Sivyo. Cheche hutokea platini zinapoachana. Mkondo hukatika ghafla, uga wa sumaku huanguka, na kwa kuwa volti inayozalishwa hutegemea kasi ya mabadiliko hayo, waya mnene wenyewe hupata volti 200 hadi 300, na waya mwembamba hupata volti 20,000 au zaidi. Kondensa, yenye uwezo wa mikrofaradi 0.2 hivi, huupa mkondo mahali pa kukimbilia kwa muda mfupi ili usiruke baina ya platini na kuziunguza. Kondensa ikifa, mkondo haukatiki kwa ghafla bali hujikokota katika moto mdogo wa buluu pale kwenye platini, na cheche ya plagi hudhoofika. Mwalimu anayetaka kuonyesha kwa vitendo maana ya maneno "kasi ya mabadiliko" hahitaji zaidi ya kuifungua kondensa hiyo na kuirudisha mbele ya darasa.

Hapa pana kosa moja la gereji linalostahili kutajwa, kwa sababu linaonyesha jinsi jicho linavyoweza kudanganya. Ili kujua kama cheche ipo, fundi huchomoa plagi, huilaza juu ya injini, na kuizungusha injini kwa starta. Akiiona cheche husema umeme ni mzima. Lakini pengo la plagi ni milimita 0.7 hivi, na katika hewa ya kawaida volti 3,000 na ushei zinatosha kuliruka. Ndani ya silinda, pistoni inapokuwa imeubana mchanganyiko wa hewa na petroli hadi kanieneo mara nane au kumi ya ile ya nje, pengo lilelile linaweza kudai volti 10,000 na zaidi. Koili dhaifu hufaulu mtihani wa nje na kushindwa wa ndani. Ndiyo maana vitabu vya mafundi hutaka cheche ijaribiwe kwa pengo la milimita 6 katika hewa wazi. Fundi aliyeelezwa sababu hii hasahau tena.

Somo la hesabu nalo limo humo humo. Koili ya kawaida ina ukinzani wa omu 3 hivi, kwa hiyo mkondo wake wa juu kabisa ni ampia 4. Sifa yake ya kupinga mabadiliko ya mkondo, ambayo hupimwa kwa henri, ni kama milihenri 8. Nishati inayohifadhiwa katika uga wa sumaku ni nusu ya henri hizo mara mkondo kipeo cha pili, nayo hupatikana kuwa jouli 0.064. Ni kidogo mno. Lakini mkondo haufiki ampia 4 mara moja, bali huhitaji muda kupanda. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kwa sekunde. Kila cheche ina milisekunde 10 tu, na katika hizo platini hugusana kwa milisekunde 6 hivi. Mkondo hufika ampia 3.6. Mwendo ukipanda hadi mizunguko 6,000, platini hugusana kwa milisekunde 3, mkondo hufika ampia 2.7 tu, na nishati hushuka chini ya nusu ya ile ya kwanza. Mwanafunzi aliyeichora grafu hii kwa mkono wake ataelewa kwa nini gari lenye koili dhaifu hutembea vizuri mjini na kuanza kumisi likikimbizwa katika barabara kuu.

Na sasa ifikiriwe ile bushi. Distribyuta ina shafti inayozungushwa na injini kwa nusu ya mwendo wa shafti ya kranki. Juu ya shafti hiyo zipo nundu nne, na kila nundu inapopita huisukuma platini na kuifungua. Pengo linalotakiwa kwa kawaida ni milimita 0.4. Shafti yenyewe hushikwa na bushi, na bushi, kwa kusukumwa upande mmoja na springi ya platini miaka nenda miaka rudi, tena mara nyingi bila tone la mafuta, hulika. Shafti ikianza kucheza kwa milimita 0.1 tu, robo nzima ya pengo imekwisha kupotea au kuongezeka. Nundu moja itafungua platini mapema, nyingine itachelewa. Silinda moja itapata mkondo wa kutosha, nyingine pungufu. Katika mizunguko 3,000 kwa dakika, digrii moja ya mzunguko wa kranki huchukua chini ya sehemu moja kwa kumi ya milisekunde. Moto nao huhitaji milisekunde 2 hivi kuenea ndani ya silinda, ambazo ni digrii 36. Ndiyo sababu cheche hutolewa kabla pistoni haijafika juu. Na ikitangatanga kwa digrii kadhaa, nguvu ya injini hupotea na mafuta huliwa bure.

Ugonjwa huu ndio ule uliomfanya mwenye gari anunue plagi, platini, kondensa, koili na waya. Hakuna hata kimoja cha vifaa hivyo kinachoweza kuuponya. Lakini kuugundua hakuhitaji chombo cha kigeni. Inatosha fila geji, ambayo kila fundi anayo mfukoni. Pengo lipimwe katika kila nundu, moja baada ya nyingine, na namba nne ziandikwe. Kisha shafti isukumwe kwa kidole upande mmoja, pengo lipimwe tena. Isukumwe upande wa pili, lipimwe tena. Namba zikibadilika kwa kidole, bushi imelika. Zikitofautiana baina ya nundu ilhali hazibadiliki kwa kidole, shafti imepinda au nundu zimelika. Kazi yote ni ya robo saa na kipande cha karatasi. Neno la kutiliwa mkazo hapa ni karatasi: namba isiyoandikwa husahauliwa kabla ya ile ya tatu kupatikana.

Bushi yenyewe inaweza kukerezwa. Kipande cha shaba nyeusi, yaani bronzi, cha urefu wa sentimita chache, hufungwa katika taya za mashine ya kukereza. Mkerezaji asiye na mafunzo hukereza upande wa nje, hukifungua kipande, hukigeuza na kutoboa tundu kutoka upande wa pili. Bushi hiyo huonekana safi, lakini tundu lake haliko katikati, kwa kuwa taya za mashine, hasa mashine iliyozeeka, hazikishiki kipande mahali palepale mara mbili. Mkerezaji mwenye kufikiri hutoboa tundu na kukereza nje bila kukifungua kipande hata mara moja, kisha hukikata mwishoni. Hata kama taya ni mbovu, duara la ndani na la nje yatakuwa na kitovu kimoja, kwa sababu yote mawili yamezunguka juu ya mhimili uleule. Unene wa nje huachwa ukizidi tundu la distribyuta kwa milimita 0.03 hivi ili bushi iingie kwa kubanwa katika jiliwa. Kwa kuwa kubanwa huko hulipunguza tundu la ndani, tundu huachwa dogo kidogo, na kipimo cha mwisho hutolewa baada ya bushi kuingia. Nafasi ya milimita 0.02 au 0.03 kati ya bushi na shafti ya milimita 12 inatosha kwa utando wa mafuta. Bushi za kiwandani mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa bronzi ulioshindiliwa na kulowekwa mafuta. Hii ya kukerezwa haina akiba hiyo, kwa hiyo ichorwe mfereji mdogo wa mafuta na mwenye gari aambiwe asiisahau.

Walimu wengi watauliza mashine ya kukereza itatoka wapi. Swali ni la haki, lakini lina dhana ndani yake kwamba usahihi hununuliwa pamoja na mashine. Historia ya ufundi haikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 1840 Joseph Whitworth aliwaeleza wanasayansi wa Uingereza namna ya kupata bamba la chuma lililo sawasawa bila kuwa na bamba jingine la kulinganishia. Mabamba matatu hupakwa rangi na kusuguanishwa mawili mawili kwa zamu, na kila palipoinuka hukwanguliwa kwa mkono. Mabamba mawili peke yake hayafai, kwani moja linaweza kuwa na kitumbo na jingine bonde, yakashikana vizuri na yote yakawa mabovu. Matatu hayawezi kudanganyana hivyo. Usahihi wa mashine za viwanda ulitokana na hoja kama hiyo, ambayo kidato cha pili wanaweza kuithibitisha ubaoni. Karibu miaka 140 baadaye, kuanzia miaka ya 1980, Mmarekani David Gingery alitoa mfululizo wa vitabu akieleza jinsi mtu anavyoweza kuyeyusha alumini chakavu kwa tanuri la mkaa uani kwake, kujitengenezea mashine ndogo ya kukereza, na kisha kuitumia mashine hiyo kutengeneza nyingine. Mashine kama hiyo haiwezi kushindana na ya kiwandani kwa nguvu wala kwa kasi. Bushi ya distribyuta, hata hivyo, inaiweza.

Wala si lazima kila shule iwe na yake. Mjini Kumasi, nchini Ghana, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilianzisha kituo cha ushauri wa kiteknolojia mwaka 1972, na mwaka 1980 kituo hicho kikafungua karakana ya mafunzo katikati ya mafundi wa magari wa Suame, badala ya kuwangoja waje chuoni. Mafundi walijifunza kukereza, na chuo kikajifunza mambo ambayo mafundi walikuwa wakiyahitaji. Gerezani mjini Dar es Salaam na Kamukunji mjini Nairobi mafundi wa chuma wamejaa. Mwalimu wa fizikia anayewapeleka wanafunzi wake huko mara moja kwa muhula, wakiwa na daftari na mikromita, atapata maabara asiyoijenga.

Pingamizo la pili ni zito zaidi. Kuna watakaosema kwamba platini zimepitwa na wakati: viwanda vya Marekani vilianza kuziacha katika miaka ya 1970, na magari yanayoingia nchini leo yana koili zinazoamrishwa na kompyuta. Ni kweli, wala hakuna anayependekeza kurudi nyuma. Lakini kinachofaa kuendeshea gari na kinachofaa kufundishia si lazima kiwe kitu kimoja. Katika mfumo wa kompyuta kazi yote imefichwa ndani ya kisanduku kilichozibwa. Katika distribyuta kila hatua inaonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono. Aliyeielewa platini huielewa transista iliyoshika nafasi yake, kwa sababu transista hiyo haifanyi ila kuukata mkondo ule ule kwa kasi zaidi na bila kulika. Hata pikipiki nyingi za bodaboda, ambazo hutumia kisanduku kinachoitwa na mafundi CDI, zinaweza kufikiwa kwa njia hiyo. Humo kondensa ya mikrofaradi 1 hivi huchajiwa hadi kwenye volti 300 na kuachiwa ghafla ndani ya koili. Nusu ya uwezo wa kondensa mara volti kipeo cha pili ni jouli 0.045, kiasi kisichokuwa mbali na kile cha koili ya gari. Fundi wa bodaboda anayeijua hesabu hii hatauza kisanduku kizima mahali palipokatika waya.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mfumo wenyewe haukuzaliwa katika maabara kubwa. Charles Kettering, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya mashine za kuhesabia fedha, aliufanyia kazi baada ya saa za kazi pamoja na wenzake katika ghala lililokuwa nyuma ya nyumba ya rafiki yake Edward Deeds mjini Dayton, Marekani. Magari ya Cadillac ya mwaka 1910 yalitoka na mfumo huo, na kwa zaidi ya miaka 60 sehemu kubwa ya magari ya petroli duniani iliufuata. Watu wale walikuwa na tupa na jiliwa, lakini pia walikuwa wamesoma. Hawakuambiwa wachague moja.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe kwa shule za Tanzania leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka elimu ya sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Kuirudisha kazi ya mikono shuleni ni hatua njema, na waliosoma katika shule za ufundi za Ifunda, Moshi au Tanga hawahitaji kushawishiwa. Lakini ipo hatari ambayo hapana budi isemwe mapema. Iwapo mkondo wa amali utapewa tupa bila hesabu ya koili, utatoa mafundi wa kubadilisha vipuri kwa zamu, wenye vyeti. Iwapo mkondo wa jumla utapewa hesabu bila tupa, utaendelea kutoa wale wanaonyamaza mbele ya boneti. Ukuta kati ya gereji na darasa utakuwa umehamishiwa ndani ya shule, tena kwa ramani rasmi.

Mtihani ndio unaoamua kinachofundishwa, na kwa hiyo mabadiliko yaanzie hapo. Badala ya kumtaka mtahiniwa achore koili, apewe distribyuta chakavu, fila geji na karatasi, aambiwe apime nundu zote nne, aisukume shafti, aandike namba zake, na aeleze ni kifaa gani kibadilishwe na kwa nini. Swali lilelile liwekwe katika mikondo yote miwili. Halihitaji betri wala petroli. Kwa mazoezi ya cheche yenyewe, mwalimu awe na betri moja, koili moja na plagi moja, mbali kabisa na mafuta. Waya wa juu ushikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, kamwe si kwa mkono, kwani volti 20,000 humrusha mtu hata kama nishati yake ni ndogo. Na koili isiachwe ikitoa umeme bila pengo la kuruka, maana umeme huo utajitafutia njia ndani ya koili na kuiunguza. Distribyuta za kufanyia mazoezi hayo zinauzwa kwa kilo, pamoja na vyuma vingine chakavu.